Dawa Mpya ya Saratani Inapimwa kwa Damu ya Nani?

Shangazi yangu alipangiwa dripu ya kwanza ya saratani ya titi siku ya Jumanne. Tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, tukapanga foleni ya kutolewa damu, tukakaa kwenye benchi kusubiri majibu ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, mpaka adhuhuri. Karatasi ilipotoka, nesi aliweka kidole kwenye mstari mmoja tu: neutrofili 1,400. "Mama, chembe nyeupe zako ziko chini. Leo hatuwezi kukuchoma dawa. Ukale vizuri, urudi wiki ijayo." Wiki iliyofuata akarudi na 1,350. Akarudishwa tena.

Kumbuka kwamba mwili wake ulikuwa haujaonja hata tone moja la dawa. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda, alikuwa akipanda ngazi za hospitali kunishinda mimi. Ila uvimbe ulikuwa hausubiri. Wiki ya tatu tulimkuta daktari mwingine, mtu mzima, ambaye alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Mama, una karatasi zozote za vipimo vya zamani?" Alikuwa nazo. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi miaka tisa nyuma, na tangu hapo alizihifadhi karatasi zake ndani ya bahasha ya kaki, zimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachia. Daktari akazifungua taratibu, akaufuata mstari wa neutrofili: 1,450. Akasema, "Hii ndiyo damu yako, haina ugonjwa," akaandika dawa ianze siku hiyo hiyo.

Wiki mbili zilipotea kwa sababu ya namba iliyowekwa na watu waliopima damu za watu wengine. Kila nikisoma habari za dawa mpya ya saratani iliyoonekana kuwa salama kwa chembe za damu, swali langu la kwanza huwa ni moja: damu ya nani?

Si kwamba nalidharau swali lenyewe la usalama wa damu. Ni swali la msingi kuliko yote katika dawa hizi, kwa kuwa dawa za saratani zilianza kwa kuidhuru damu. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia, na kuizamisha meli ya Marekani iliyobeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali. Daktari wa jeshi, Stewart Alexander, alipotumwa kuwachunguza walioathirika, aliona kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zikiporomoka siku baada ya siku. Mwaka mmoja kabla, huko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wameshaanza kumjaribia mgonjwa wa saratani ya tezi kemikali ya ukoo huo huo, wakiwaza kwamba kinachoua chembe nyeupe nzima huenda kikaua na zilizoasi. Waliichapisha kazi yao mwaka 1946, siri ya vita ilipolegezwa.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na sisi. Lile ua dogo la Madagaska, la pinki au jeupe, linaloota kwenye vyungu na kando ya kuta katika miji yetu ya pwani, lilitumiwa Jamaika kama chai ya kisukari. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer, huko Ontario, Kanada, waliwapa panya maji ya majani yake. Sukari haikushuka. Panya walikufa kwa maambukizi, na walipopasuliwa, uboho wa mifupa yao ulionekana umedhoofika na chembe nyeupe zimekwisha. Kutokana na madhara hayo ilipatikana vinblastini, kisha vinkristini, dawa ambayo hadi leo inawatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958.

Basi dawa inayoua seli zinazogawanyika haraka lazima iugonge uboho, kwa maana huko ndiko seli zinakogawanyika kwa kasi kubwa usiku na mchana. Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Chembe sahani, zinazogandisha damu, hudumu siku nane hadi kumi. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kwanza bakteria wanapoingia, zikishaingia kwenye damu hukaa muda mfupi tu. Kiwanda kikisimama, hizo ndizo za kwanza kuadimika, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa ajihadhari zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, homa ndogo tu inaweza kumuua kabla ya asubuhi.

Sasa tuingie maabara, tuone dawa inayochunguzwa inavyoulizwa swali hili kwa mara ya kwanza. Kipimo cha mwanzo ni rahisi na bei yake si kubwa. Damu mbichi ya mchangiaji huzungushwa kwenye mashine ili chembe nyekundu zizame chini, kisha huoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa mpaka maji ya juu yawe safi. Chembe huchanganywa tena na maji hayo ya chumvi, zikiwa kama asilimia 2 ya mchanganyiko. Mrija mmoja hauwekewi kitu: humo chembe zinatakiwa kubaki nzima. Mrija mwingine huwekewa maji yasiyo na chumvi, au sabuni kali ya maabara, na humo zote hupasuka. Kati ya mirija hiyo miwili hupangwa mingine yenye dawa, kidogo, zaidi, zaidi tena. Yote hukaa kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa muda wa saa moja hivi.

Ikizungushwa tena, jibu linaonekana kwa macho. Mrija ambao chembe zimesalimika una kidonge chekundu kimetulia chini, na juu maji meupe. Mrija ambao zimepasuka una maji yaliyogeuka rangi ya juisi ya choya, kwani hemoglobini imemwagika. Mashine hupitisha mwanga wa nanomita 540 na kutoa asilimia. Kwa kipimo kinachotumiwa sana, chini ya asilimia 2 huhesabiwa kuwa hakuna upasukaji, na zaidi ya 5 ni dawa yenye tatizo. Naupenda uaminifu wa kipimo hiki, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukifanya na kukielewa.

Tatizo ni kwamba swali linalojibiwa hapo ni dogo: je, dawa inaitoboa ngozi ya chembe nyekundu, ndani ya saa moja, nje ya mwili? Dawa nyingi zinazowamaliza wagonjwa damu zingepita hapo bila doa. Doksorubisini, ile dripu nyekundu aliyopewa shangazi, haihitaji kupasua chembe yoyote ili ikulaze kitandani. Inausimamisha uboho. Kwa hiyo watafiti makini hupanda seli za uboho kwenye ute mzito kama uji, huzipa vichocheo vya kukua, huongeza dawa, kisha husubiri kama siku 14 ndipo wahesabu kwa hadubini vikoloni vilivyoota. Kipimo hicho ni cha polepole na kinachosha macho, lakini ndicho kinachokaribia ukweli. Ulaya kilifanyiwa uhakiki katika maabara mbalimbali kwa lengo la kukisia kiwango cha juu cha dawa ambacho mtu ataweza kukivumilia.

Na uhakiki huo ulirudi kwenye swali langu. Uboho wa panya na uboho wa mtu si kitu kimoja. Kwa dawa za jamii ya kamptothesini, zilizotokana na mti wa Uchina, uboho wa panya unavumilia kiwango kikubwa zaidi kuliko wa binadamu. Ndiyo maana dawa inaweza kuponya uvimbe wa panya kwa dozi ambayo binadamu hawezi kuifikia akiwa hai. Sayansi imelikubali jambo hilo bila ubishi: damu ya kiumbe kimoja haimsemei kiumbe kingine. Ajabu yangu ni kwamba tukifika kwa binadamu tunaanza kuzungumza kana kwamba damu ni moja.

Kabla sijaeleza ni kwa nini si moja, nitaje mfano wa kazi iliyofanywa vizuri, maana nisingependa msomaji aone kwamba vipimo hivi ni urasimu tu. Dawa iitwayo navitoklaksi ililenga protini zinazoizuia seli ya saratani kufa. Ilifanya kazi, ila chembe sahani za wagonjwa ziliporomoka mara moja, kwa sababu mojawapo ya protini hizo ndiyo inayozifanya chembe sahani ziishi siku zake. Watafiti hawakufunika jambo hilo. Walirudi kwenye meza, wakaibadili molekuli ili iiache protini ya chembe sahani na kuishika ile ya pili peke yake. Ikazaliwa venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, na leo ni nguzo katika matibabu ya aina fulani za saratani ya damu. Dawa hiyo ilipatikana kwa sababu madhara ya damu yalisikilizwa kwa makini.

Twende sasa kwenye damu zetu. Kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachoikinga chembe nyekundu isiunguzwe na kemikali. Duniani watu wapatao milioni 400 wana upungufu wake wa kurithi, na wengi wao ni wa maeneo yenye malaria, kwa kuwa upungufu huo humpa mtu ahueni fulani dhidi ya malaria. Pwani yetu imo, Ghuba imo, ukanda wa Ziwa umo. Mtu mwenye upungufu huo huishi maisha yake yote bila kujua, mpaka siku atakapomeza dawa isiyomfaa: mkojo unageuka mweusi kama kahawa, macho yanakuwa ya manjano, damu inaisha kwa siku chache.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia inayouma kuisimulia. Katika gereza la Stateville, Illinois, Wamarekani walikuwa wakiwajaribia wafungwa dawa ya malaria, primakwini. Baadhi ya wafungwa weusi walipungukiwa damu ghafla wakati wenzao hawakupata neno. Mwaka 1956 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni kimeng'enya hicho. Sasa turudi kwenye mrija wetu: primakwini yenyewe, ikiwekwa kwenye chembe zilizooshwa za mchangiaji wa kawaida, haileti maafa hayo. Madhara hutoka kwenye vitu ambavyo mwili huigeuza dawa kuwa, na huziangukia chembe zenye upungufu. Kipimo kingesema "salama," na kingekuwa kimesema kweli, kwa damu ile.

Somo hilo la 1956 lilitakiwa liwe limemaliza mjadala. Halikuumaliza. Mwaka 2003 dawa ya malaria ya Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, ilipata idhini Uingereza kwa ajili ya kutumiwa Afrika. Mwezi Februari 2008 iliondolewa sokoni, baada ya majaribio zaidi kuonyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD ilishuka vibaya. Dawa hiyo ilikusudiwa bara ambalo upungufu huo umejaa, na tabia ya dapsoni ilikuwa inajulikana kwa miongo.

Msomaji atasema hizo ni dawa za malaria. Haya, tuje kwenye saratani. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt akianza matibabu, uvimbe huyeyuka haraka mno, na takataka zake huzijaza figo asidi ya yuriki. Ipo dawa iitwayo rasburikesi inayoivunja asidi hiyo kwa saa chache. Katika kuivunja, huacha peroksidi ya hidrojeni ndani ya damu, na chembe isiyo na G6PD ya kutosha haina cha kujikingia. Kwa hiyo ni marufuku kumpa mwenye upungufu huo, na onyo limeandikwa kwenye maelezo ya dawa kwa herufi nzito. Uvimbe ulioelezwa kwanza Kampala unasaidiwa na dawa ambayo sehemu ya watoto wa ukanda huo huo hawawezi kupewa. Daktari asiyepima kwanza anacheza na maisha ya mtoto.

Upande wa chembe nyeupe ndiko alikoangukia shangazi. Watu wengi sana wa Afrika Magharibi, Kati na Mashariki wenye asili ya bara hili wana chembe nyekundu zisizo na alama iitwayo Duffy. Ni urithi uliotukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya aina ya malaria iitwayo vivaksi, ambayo huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingia kwenye chembe. Mabadiliko hayo hayo ya jini yameshusha idadi ya neutrofili zinazoonekana kwenye damu. Wanasayansi waliuthibitisha uhusiano huo mwaka 2009. Uboho unafanya kazi, chembe zipo mwilini, na mtu haugui zaidi ya wenzake. Ni hesabu ya kwenye mshipa tu iliyo ndogo. Mwaka huo huo wa 2009 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya watu wazima 2,000 wenye afya kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, na kwao mpaka wa chini wa neutrofili ulikuwa karibu 1,000. Vitabu vya Marekani na Ulaya huuweka juu zaidi ya hapo.

Sasa weka namba hizo kando ya masharti ya majaribio ya dawa za saratani. Majaribio mengi humtaka mshiriki awe na neutrofili zisizopungua 1,500. Na katika kipimo cha madhara kilichotoka 2017 na kutumika sana kwa miaka, mtu mwenye 1,400 aliandikwa kuwa na madhara ya daraja la pili. Mama mzima wa Morogoro, anayelima, anayeteka maji, kwa kipimo hicho alikuwa na "madhara ya dawa ya daraja la pili" kabla dawa haijafunguliwa. Majaribio yatamwacha nje kwa mlango wa mbele. Dawa ikiidhinishwa, itamfikia bila mtu yeyote kujua inaifanyaje damu kama yake. Akianza kuitumia, atapunguziwa dozi au kuahirishwa kila wiki ya tatu kwa namba ambayo kwake ni ya kila siku. Saratani ya titi yenye matumaini ya kupona hutaka dozi kamili kwa wakati wake. Hapo ndipo watu wetu wanapopoteza nafasi, na hakuna anayeandika kwenye cheti cha kifo kwamba sababu ilikuwa mpaka wa namba.

Najua hoja ya upande wa pili na ninaiheshimu, maana nimewaona wauguzi wanaoitetea kwa sababu wamezika wagonjwa. Kulegeza mpaka ni hatari mahali ambapo mgonjwa akipata homa usiku, hospitali iko kilomita mia na usafiri ni bodaboda. Nakubali kabisa. Ninachodai ni kwamba kila mtu apimwe dhidi ya nafsi yake. Aliyeshuka kutoka 5,000 hadi 1,400 ana jambo zito la kuangaliwa. Aliyekuwa na 1,450 miaka tisa iliyopita na leo ana 1,400 hajashuka popote. Na hili linawezekana kuwekwa kwenye kanuni: Marekani, tangu 2015, wagonjwa wanaotumia klozapini, dawa ya maradhi ya akili inayoweza kushusha neutrofili, wana mpaka wao wa chini zaidi iwapo damu yao kwa asili ina neutrofili chache. Kama imewezekana kwa klozapini, kwa saratani kunazuia nini?

Kazi ianzie mapema, kwenye ile mirija. Mtafiti anayeandika kwamba molekuli yake haikupasua chembe nyekundu aandike pia chembe hizo zilitoka kwa mtu wa namna gani: je, G6PD yake ilipimwa? Ana selimundu, au ameibeba kwa mzazi mmoja? Aliijaribu dawa ghafi peke yake, au na kile ambacho ini huigeuza? Haya si mambo ya gharama kubwa. Kipimo cha G6PD kipo cha tone moja la damu kutoka kidoleni, na kuijua alama ya Duffy ni kazi ya kawaida kwa maabara yoyote inayopanga damu kwa makundi yake madogo. TMDA, mamlaka ya dawa, na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, ndio wanaotoa ruhusa ya majaribio ya dawa kwa watu. Wana uwezo wa kumrudishia fomu mtu aliyekuja na dawa ya saratani bila mistari hiyo, na waitumie nguvu hiyo.

Vyuo vyetu pia visisubiri kuitwa. Kipimo cha mirija kinahitaji mashine ya kuzungusha, jiko la nyuzi 37 na kisomaji cha mwanga, vitu vilivyomo tayari katika maabara nyingi za vyuo vya afya hapa kwetu. Tunao watafiti wanaochunguza mitishamba dhidi ya saratani, na wengi wao huishia kupima kama dondoo limeua seli za uvimbe kwenye sahani. Nawasihi waongeze chembe za damu za watu wetu hao hao, wenye upungufu wa G6PD na wasio nao, kando kwa kando, na wachapishe hata pale dondoo lao pendwa linapoharibu.

Liko jambo moja la kufanywa kwa uangalifu. Damu hiyo itatoka wapi? Mtu anayekuja kuchangia damu kwa ajili ya mama anayejifungua hajakubali chupa yake iende kwenye utafiti wa dawa, hata kama ni mililita tano zilizobaki. Baada ya Stateville, sisi ndio wa mwisho wanaopaswa kulifanya hilo kimyakimya. Aulizwe, kwa Kiswahili anachokielewa, kabla ya sindano kuingia. Shangazi alipomaliza mizunguko yake nilimweleza haya yote jikoni kwake. Akaniuliza damu inayotakiwa ni kiasi gani. Nikamwambia ni kama kijiko kimoja cha chai. Akavuta mkono wa gauni juu ya kiwiko, akasema, "Wachukue, mradi waniambie walichokiona."